UZI: Mashujaa wa Ugiriki ya kale kwenye meza ya dadu. Tuwaandikie kasoro kwanza, namba baadaye

MrushaDadu (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Wiki iliyopita kuna mjadala ulianza humu kuhusu nani angemshinda mwenzake kati ya Achilles na Heracles, na nikaona umepotea njia mapema. Kila aliyeingia alikuwa anamwaga namba tu: Nguvu 20, Wepesi 20, Mvuto 20. Mimi ni mwendesha mchezo, tunakutana kila Jumamosi, na kwa miezi mitano sasa meza yetu iko kwenye vita vya Troy. Naomba niweke hapa karatasi za hawa mashujaa kama tunavyozitumia, na kwa nini nimeandika nilichoandika.

Kwa wageni, kwa kifupi. Huu ni mchezo wa mezani. Mmoja anauendesha: yeye ndiye bahari, maadui, wenyeji na miungu. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake na karatasi yake. Ukitaka kufanya jambo linaloweza kushindikana, unarusha dadu ya pande ishirini, unajumlisha au kutoa kulingana na kipawa chako, kisha unalinganisha na kiwango alichokitaja mwendesha. Vipawa ni sita: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Mvuto. Mfumo wenyewe ni Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Zamani ulikuwa unarusha dadu tatu za kawaida, jumla yake ndiyo kipawa chako. Mtu wa kawaida ana 10 au 11, na 18 hutoka mara moja katika 216.

Wanaosema tunawalazimisha Wagiriki kwenye mchezo wa kigeni, wakatazame mtungi wa Exekias ulioko makumbusho ya Vatican. Ulichorwa Athens miaka ya 540 hadi 530 KK. Achilles na Ajax wamekaa wakitazamana, mikuki begani, wameinamia meza ndogo. Achilles hata kofia ya chuma hajavua. Karibu na midomo yao mchoraji ameandika wanachotamka: Achilles anasema "nne", Ajax anasema "tatu". Vita viko hatua chache nje ya picha na wao wamezama kwenye mchezo. Na kule New York, makumbusho ya Metropolitan, ipo dadu ya jiwe ya pande ishirini kutoka Misri ya zama za Ptolemy au za Warumi, kila upande umechongwa herufi ya Kigiriki. Meza wanaijua hawa. Sisi tumechelewa kukaa.

Hoja yangu ni moja. Shujaa wa Kigiriki hajulikani kwa 18 yake, anajulikana kwa 7 yake. Ukimpa namba kubwa kila mahali, umebakiwa na mtu mwenye misuli na jina la kuazima. Kwa hiyo karatasi zetu zina mistari miwili ya ziada juu kabisa, kabla ya Nguvu: Asichoweza kukiacha na Mungu anayemtazama.

---

MrushaDadu

ACHILLES
Nguvu 18, Wepesi 19, Ustahimilivu 16, Akili 13, Busara 7, Mvuto 16.
Asichoweza kukiacha: heshima yake ikiguswa mbele za watu.
Anayemtazama: Thetis mama yake, na Athena, mungu wa kike wa vita na hekima, pale anapomhitaji.

Neno la kwanza kabisa la Iliad, utenzi wa Homer juu ya vita vya Troy, katika Kigiriki ni ghadhabu. Homer angeweza kuanza na vita, na mji, au na jina la shujaa mwenyewe. Ameanza na ghadhabu, ndipo akatuambia ya nani. Kwa hiyo fani yake kwangu ni mpiganaji wa hasira, yule ambaye akipandwa anapiga mara mbili ya kawaida na hasikii maumivu. Lakini kuna ujuzi mwingine wawili ambao watu huusahau. Wa kwanza ni Tiba: alifundishwa dawa na Chiron, yule nusu mtu nusu farasi, na yeye akamfundisha rafiki yake Patroclus. Wa pili ni Muziki: kwenye kitabu cha 9 wajumbe wanamkuta hemani anapiga kinubi na kuimba habari za watu mashuhuri, Patroclus kakaa mbele yake kimya akisubiri amalize. Mkiondoa hayo mawili mmeondoa nusu ya mtu.

Sasa tazameni Busara 7 inavyofanya kazi. Kitabu cha 1, Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, anasema mbele ya jeshi zima kwamba atamchukua Briseis, mateka aliyepewa Achilles kama zawadi ya vita. Achilles anaanza kuuchomoa upanga. Kwenye meza yetu nilimwambia mchezaji wake: rusha Busara, kiwango ni 15. Busara 7 inakutoza mbili, kwa hiyo anahitaji 17 au zaidi kwenye dadu. Hiyo ni nafasi ya asilimia 20. Kwa maneno mengine, Agamemnon ni maiti.

Hapo ndipo mstari wa pili wa karatasi unapoingia. Homer anasema Athena alishuka, akasimama nyuma yake, akamshika nywele zake za rangi ya dhahabu. Hakuna mwingine aliyemwona. Kwa lugha ya mchezo, Athena kampa dadu ya pili, achague kubwa. Nafasi inapanda kutoka 20 hadi 36. Bado ni ndogo! Mungu hakumwondolea hasira, kampa mlango tu. Jamaa akarusha zote mbili: 6 na 18. Watu wanne waliokuwa mezani waliachia pumzi kwa pamoja. Upanga ukarudi alani.

Hilo tukio lina miaka karibu 2,700 na lilinitetemesha mikono Jumamosi ile.

---

MlindaKisima

Nimeweka kambi mkuu, tiririka. Ila mbona kisigino hukukiandika? Achilles bila kisigino ni sawa na Liyongo bila kitovu. Watu wa kwetu hawatakuelewa.

---

MrushaDadu

@MlindaKisima umenigusa penyewe, ngoja nikujibu kwa urefu.

Kwenye Iliad hakuna kisigino, ile sehemu moja ya mwili wake inayosemwa inaweza kujeruhiwa. Homer hasemi popote kwamba mwili wa Achilles hauingii chuma. Kinyume chake, kitabu cha 21 yuko mpiganaji anaitwa Asteropaeus, anayetumia mikono yote miwili sawasawa. Anarusha mikuki miwili kwa mpigo, mmoja unagonga ngao, wa pili unamchuna Achilles mkono wa kulia na damu nyeusi inatoka. Ana pointi za uhai kama sisi wote. Habari ya mama kumchovya kwenye maji ya Styx, mto wa kuzimu, tunaikuta kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza BK, mamia ya miaka baada ya Homer.

Kwa Liyongo ningekiandika kitovu bila kusita, tena kwa wino mzito. Kisa kizima kimesimama juu ya siri: sindano ya shaba ya kitovu, na nani anaijua. Mfalme wa Pate hawezi kumpata kwa jeshi, anampata kupitia mwanawe wa kumzaa, aliyemwuliza babaye kwa ulimi mtamu. Kile kitovu ni mlango wa usaliti wa damu. Ndiyo maana hata baada ya kuchomwa, Liyongo anapiga goti pale kisimani na upinde umevutwa, na watu wanakosa maji kwa kuogopa kumsogelea. Ukimchezesha Liyongo, mstari wa "Asichoweza kukiacha" ni upendo kwa mtoto.

Achilles hauawi na siri. Kitabu cha 9 anasema mwenyewe kwamba mama yake amemweleza hatima mbili: akibaki kupigana Troy hatarudi nyumbani lakini jina lake halitakufa, akirudi nyumbani jina litapotea lakini ataishi miaka mingi. Anajua. Ukimpa kisigino, unamgeuza kuwa mtu aliyepatwa na bahati mbaya. Mimi namtaka yule aliyesoma karatasi yake yote hadi mstari wa mwisho, halafu akakaa mezani.

---

MrushaDadu

ODYSSEUS
Nguvu 15, Wepesi 13, Ustahimilivu 17, Akili 18, Busara 15, Mvuto 17.
Asichoweza kukiacha: lazima wajue ni yeye.
Anayemtazama: Athena kwa upendo, Poseidon, mungu wa bahari, kwa chuki.

Wengi humwandika kama mwizi. Nawaelewa, maana kitabu cha 10 cha Iliad anaingia usiku kambi ya watu na mwenzake Diomedes wanatoka na farasi wa mfalme Rhesus. Lakini Nguvu 15 msimnyime. Ule upinde wake, wanaume waliomposa mkewe Penelope walishindwa hata kuutia uzi, naye akautia akiwa amekaa, akapitisha mshale katika mashoka kumi na mawili.

Kasoro yake imejificha, na ndiyo nzuri kuliko zote kuichezesha. Kwenye pango la Polyphemus, jitu la jicho moja (Cyclops), anaingia na wenzake kumi na wawili, sita wanaliwa, wawili wawili. Anamlewesha yule jitu, anamwambia jina langu ni Hakunamtu. Kwa Kiswahili mchezo huu wa maneno unakaa utadhani ulitungwa kwetu. Jitu limetobolewa jicho, linalia usiku, majirani wanakuja mlangoni kuuliza nani anakuua. Linajibu: "Hakunamtu ananiua!" Nao wanasema, kama hakuna mtu basi ni ugonjwa, muombe baba yako Poseidon, wanarudi kulala.

Amefaulu kila kitu. Akili kafaulu, Mvuto kafaulu, kajificha chini ya tumbo la kondoo dume kafaulu. Yuko majini, amepona. Wenzake wanamshika, wanamsihi anyamaze. Yeye anasimama kwenye meli na kupiga kelele: aliyekutoboa jicho ni Odysseus, mwana wa Laertes, nyumbani kwake Ithaca. Jina, baba, na anwani.

Polyphemus akainua mikono akamwomba Poseidon, na katika dua yake akarudia vilevile: Odysseus, mwana wa Laertes, wa Ithaca. Dua bila jina ingemfuata nani? Hakunamtu? Alitoka Troy na meli kumi na mbili. Kumi na moja zilivunjwa na Walaestrygonia, majitu yanayokula watu, wa mwisho wakafa baada ya kula ng'ombe wa mungu wa jua, akafika nyumbani peke yake mwaka wa ishirini.

Kwa hiyo kanuni ya meza yetu: kila Odysseus akifaulu kwa hila bila mtu kujua ni yeye, mchezaji anarusha Busara. Akishindwa, lazima jina litoke. Binti anayemchezesha aliichukia kanuni hii majuma mawili. Sasa hivi ndiye anayeisimamia kuliko mimi, anajidai mwenyewe kurusha kabla sijasema.

---

NgomeYaChuma

Mkuu kazi nzuri sana, ila mbona Ajax kila mtu anamfanya ukuta wa kukaa mbele apigwe? Kwenye meza yetu hakuna anayetaka kumchukua. Akili 8, basi.

---

MrushaDadu

Asante kwa kumleta, maana huyu ndiye ninayempenda kuliko wote na sikujua nimwingize wapi.

AJAX WA SALAMIS
Nguvu 18, Wepesi 10, Ustahimilivu 19, Akili 11, Busara 14, Mvuto 9.
Asichoweza kukiacha: aibu.
Anayemtazama: (pabaki wazi).

Huo mstari mtupu ndio mhusika. Katika Iliad, Diomedes ana Athena, Achilles ana Athena na mama, Hector wa Troy ana Apollo, ndugu yake Paris anafunikwa na ukungu wa Aphrodite akatolewa vitani. Ajax ana ngao. Tabaka saba za ngozi ya ng'ombe na la nane shaba, Homer anaifananisha na mnara. Kwenye meza, hakuna siku ninampa dadu ya pili. Kila alichopata kakipata kwa dadu moja.

Na Akili 8 ni dhuluma. Rudini kitabu cha 9. Wajumbe watatu wanakwenda kumsihi Achilles arudi vitani. Odysseus anatoa hotuba iliyopangwa vizuri, na zawadi zote anazitaja moja moja. Achilles anajibu: kesho napakia meli naondoka. Phoenix, mzee aliyemlea, anamsimulia hadithi ndefu na machozi. Achilles anajibu: kukicha tutaona, tuondoke au tubaki. Ajax anazungumza maneno machache, hata hamgeukii Achilles mwanzoni, anamwambia Odysseus twende zetu, huyu mtu hajali upendo wa wenzake. Na Achilles anabadilika tena: sitapigana mpaka Hector afike kwenye meli za watu wangu. Hapo ndipo alipobaki. Mwenye Mvuto 9 amemsogeza pale ambapo mwenye 17 hakufika, kwa sababu alisema anachokiona. Hiyo nilimpa Busara, sikumrushisha Mvuto kabisa. Ninyi waendesha wenzangu, mchezaji akisema jambo la kweli kwa mtu anayelihitaji, acheni dadu mezani.

Mwisho wake mnaujua. Achilles alipokufa, silaha zake akapewa Odysseus, na Ajax akajiua kwa aibu. Sophocles ameuandikia huo mwisho tamthilia nzima. Kama unamchukua Ajax kwenye meza yako, ongea na mchezaji pembeni kabla hamjafika pale, na mkubaliane kama mtafika.

---

BintiUpinde

Kaka hongera, nasoma kimyakimya tangu mwanzo. Wanawake je? Au sisi tumebaki kuwa zawadi za kugombaniwa?

---

MrushaDadu

Dada @BintiUpinde, swali lako ni halali na tulilijadili mezani usiku mzima.

Atalanta kwanza. Wepesi 19, mwindaji, Artemis anamtazama. Ndiye aliyemtoa damu ya kwanza nguruwe wa Calydon, Meleager akampa ngozi ya ushindi, na wanaume wakauana kwa sababu ya ngozi hiyo. Kasoro yake watu huandika "anapenda dhahabu" kwa sababu ya yale matufaha matatu ya dhahabu aliyotupiwa kwenye mbio akasimama kuyaokota. Mimi siamini. Mwanamke aliyekulia porini, hajawahi kupitwa na mtu, kwa mara ya kwanza kuna kitu njiani chenye kustahili kusimamisha mbio. Niliandika: udadisi. Ukiwa na maoni mengine yaweke, nitabadilisha.

Medea ndiye mhusika mwenye ngazi ya juu kuliko wote kwenye Argo, meli ya Jason na wenzake, na wanamwita abiria. Apollonius wa Rhodes, karne ya 3 KK, anamwonyesha Jason akiwa hajui la kufanya mara kwa mara. Ng'ombe wanaotema moto, dawa ya kujipaka ni ya Medea. Joka lisilolala, aliyelilaza ni Medea. Talos, jitu la shaba kule Crete, aliyemwangusha ni Medea kwa macho na maneno. Jason ana Mvuto 17 na hapo inatosha, nampita. Asichoweza kukiacha Medea: kiapo alichoapiwa. Mkivunja kiapo kwa Medea, msimlaumu mwendesha.

---

MlindaKisima

Na Heracles ndiye aliyeanzisha ubishi wote, umemwacha.

---

MrushaDadu

Simwachi.

HERACLES
Nguvu 20, Wepesi 14, Ustahimilivu 20, Akili 12, Busara 8, Mvuto 13.
Asichoweza kukiacha: mkono wake ukishaanza.
Anayemtazama: Hera, malkia wa miungu.

Alipokuwa kijana alimwua Linus, mwalimu wake wa muziki, kwa kumpiga na kinubi. Baadaye Hera akamtia wazimu akawaua watoto wake. Zile kazi kumi na mbili mnazozisikia, kwa masimulizi ya Apollodorus zilikuwa kumi. Eurystheus, mfalme aliyempa kazi hizo, alizikataa mbili: ya Hydra, joka la vichwa vingi, kwa sababu mpwa wake Iolaus alimsaidia kuchoma vichwa, na ya zizi la Augeas kwa sababu aliomba malipo. Kila mchezaji aliyewahi kunyimwa pointi zake anajua uchungu huo, na tazameni alivyoupokea yule mwenye Nguvu 20: akaenda akafanya mbili nyingine. Kwangu hapo ndipo ushujaa wake ulipo, kuliko kumwua simba.

Vifaa vyake viandikeni kwa uangalifu. Ngozi ya simba ni kinga yake. Mishale aliyoichovya kwenye nyongo ya Hydra inaua kila inachokigusa, na mwendesha lazima aikumbuke miaka yote. Mmoja wa hiyo mishale ulimwua Nessus, nusu mtu nusu farasi, damu ya Nessus ikaenda kwenye vazi, vazi likatumwa na mkewe Deianira kwa mapenzi, na Heracles akaungua ndani yake. Kazi ya pili, ile ya Hydra, ndiyo iliyomwua.

Kwa hiyo nani angeshinda? Kwa mieleka Heracles, kwa mkuki Achilles. Swali hilo sikuwahi kuliona mezani likidumu dakika mbili.

Jambo la mwisho, kisha nawaachia uzi. Jumamosi iliyopita tulifika kitabu cha 9. Mchezaji wa Achilles ni kijana ambaye hajawahi kusoma Iliad, na nilimkataza kutafuta. Nilimsomea zile hatima mbili. Akauliza, "Nikirudi nyumbani, karatasi yangu inafungwa?" Nikamwambia ndiyo, utaishi hadi uzee, tutaandika hivyo, utatengeneza mhusika mwingine. Akaishika karatasi muda mrefu. Mwishowe akasema hatapigana, atapakia meli zake asubuhi, na akaiweka kifudifudi mezani. Sikubishana naye, ni haki yake.

Mkabala naye anakaa anayemchezesha Patroclus, ambaye naye hajasoma. Alikuwa kimya karibu saa nzima, anasikiliza jinsi wenzake wanavyopoteza pointi za uhai kule kwenye meli. Akanyoosha mkono, akaigusa ile karatasi iliyolala, akasema:

"Basi kama huendi, niazime silaha zako."